Kidani cha Kwanza

Watu wa Mji wetu, hata ukiwavua nguo zote, bado wanajuana vyeo. Usicheke. Nenda hamamu ya mtaa wa wafua shaba siku ya Alhamisi, siku ya wanawake, ukajionee. Wamekaa humo uchi kama walivyozaliwa, mvuke umetanda, huwezi kumtambua mke wa jemadari na mke wa muuza vitunguu, si kwa mgongo wala kwa tumbo. Lakini jiwe lililo karibu na maji ya moto lina mwenyewe, na linalofuata lina mwenyewe, na ole wake atakayekalia jiwe la mwenziwe.

Jiwe la kwanza lilikuwa la Thomais. Mumewe, Bardas, alikuwa spathari, maana yake mtu aliyepewa upanga wenye mpini wa dhahabu kwa mkono wa Mfalme mwenyewe, na mtaani kwetu wenye upanga wa namna hiyo walikuwa wawili tu. Wa pili alikuwa Niketas, mume wa Anthousa. Bardas alipewa wake miaka minne kabla ya Niketas, na kwetu mke huvaa cheo cha mumewe. Kwa hiyo kila palipokuwa na msafara, iwe mazishini, iwe harusini, iwe siku kuu ya Pentekoste wake wa wakubwa wanapoingia mmoja mmoja kumsalimu Malkia, Thomais alitangulia na Anthousa akafuata. Mambo yalikwenda hivyo miaka kumi na mmoja, na Thomais alikuwa ameyazoea kama mtu anavyoizoea pua yake.

Basi Alhamisi moja, zikiwa zimebaki wiki mbili kufika Pentekoste, Marula mke wa karani, mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika tangu abatizwe, akaita kutoka upande wa pili wa hamamu:

"Anthousa, shoga yangu, hongera! Tumesikia Niketas anavishwa kidani!"

Kidani! Bakuli la maji likasimama hewani mkononi mwa Thomais. Mwenye kidani cha dhahabu shingoni huitwa protospathari, na kati yake na mwenye upanga tu pana umbali wa kutoka roshani ya juu mpaka zizi la punda.

Anthousa akacheka. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye uso mwekundu na macho ya upole. "Si Niketas peke yake, jamani. Na Bardas yumo. Wote wawili, Jumatatu kabla ya Pentekoste. Thomais hajawaambia?"

Thomais alikuwa hana habari. Bardas hakumwambia hata nusu ya neno. "Sisi kwetu hatupigi ngoma kabla harusi haijaiva," akasema.

"Basi heri mara mbili!" Marula akasema. "Na nani anaitwa kwanza?"

Kila shingo ikageuka, hata maji yakawa kama yanasikiliza. Maana kwetu, watu wakipewa cheo kimoja siku moja, hufuatana kama walivyoitwa. Aliyeitwa kwanza ndiye mkubwa, na ukubwa huo haubadiliki mpaka kaburini. Kazi, Mfalme hukupa kwa neno na kwa neno hukunyang'anya. Cheo hukupa kwa mkono, na kikishakuwa shingoni mwako ni chako, uugue, uzeeke, ulale kitandani miaka kumi. Na nafasi yako ni yako vilevile, hata kama huipendi.

Anthousa akatazama vidole vyake vya miguu. "Wanasema Niketas," akajibu. "Lakini sijui. Orodha ni maandishi tu."

"Loo! Basi mwenzetu Thomais itabidi ahamie jiwe la pili!" Marula akasema, na wanawake wakaangua kicheko, wengine wamefunika midomo, wengine hata adabu hiyo hawakuwa nayo.

Thomais naye alicheka. Alicheka kuwashinda wote. Kisha akajimwagia yale maji, na yalikuwa yameshapoa.

Angekuwa mwanamke mwingine, labda angemeza. Wakubwa wapo, mtu hawezi kuwatangulia watu wote wa dunia. Lakini Anthousa! Anthousa aliletwa nyumbani kwa baba yake Thomais akiwa yatima wa miaka sita, mtoto wa binamu, na chawa kichwani. Alilala chini, miguuni mwa kitanda cha Thomais. Kila Pasaka Thomais alishonewa viatu vipya, na vile vya mwaka uliopita akapewa Anthousa, naye akavivaa huku akishukuru. Hata Niketas alimpata kwa sababu Bardas alimleta nyumbani kula. Leo huyo huyo ndiye wa kumtangulia mbele ya Malkia?

"Viatu vyangu vya mwaka jana ndivyo vinitangulie mimi?" akasema kwa sauti, katikati ya njia, wakirudi.

Glykeria, mtumishi wake mzee, aliyekuwa akibeba taulo na mafuta nyuma yake, alikuwa amemnyonyesha Thomais utotoni, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kusema hovyo. "Viatu vimekukosea nini, mwanangu?"

"Nyamaza."

"Hasidi hana sababu," Glykeria akasema, ndipo akanyamaza.

Nyumbani walimkuta Bardas anakula dengu kwa mkate, anakohoa kati ya tonge na tonge. Kikohozi hicho alikileta kutoka milima ya mashariki, kwenye vita vya majira ya baridi, na hakikumwacha tena. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mabega mapana na kifua kilichoharibika.

"Baba Kale," Thomais akasema, akimwita kwa jina la binti yao aliyekwisha kuolewa, hata shela hajavua, "habari za kidani chako nakwenda kuambiwa hamamuni, tena mimi niko uchi?"

Bardas akatabasamu kwa haya. "Nilitaka iwe hakika kwanza."

"Na Niketas ndiye anayeitwa mbele?"

"Niketas, mimi, yeyote. Mke wangu, kidani ni kidani. Kinakaa shingoni, hakina macho ya kuona nani yuko mbele."

"Macho ninayo mimi!"

"Basi yafumbe ule. Dengu zinapoa."

Hakula. Siku tatu chakula hakikumpita vizuri. Kila alipojaribu, aliuona mgongo wa Anthousa. Miaka yote hiyo hakuwahi kuutazama mgongo huo katika msafara wowote, na sasa aliuona wazi kabisa, mpana, umevaa nguo nyeupe, unapita mlango wa Malkia kabla yake. Ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alipolipiga fundo la ukanda wake alimwonea wivu Anthousa kwa jinsi anavyofunga wa kwake. Alipomsikia akicheka dirishani ng'ambo ya uchochoro, alihisi anachekwa yeye. Na ukimuuliza Anthousa alikuwa akicheka nini, ni paka alianguka kwenye beseni la unga.

Siku ya nne, asubuhi, Thomais alifungua sanduku la mama yake, akatoa hariri nyekundu yenye tai waliofumwa ndani ya duara, shuka la kitanda ambalo bibi yake aliolewa nalo na mama yake akaolewa nalo. Akaikunja ndani ya kitambaa cha kitani, akaenda kwa bwana Kosmas.

Kosmas alikuwa towashi wa ikulu, mtu mkavu mwenye sauti nyororo, na kazi yake ilikuwa kuita majina. Yeye ndiye aliyejua nani akae karibu na nani mezani kwa Mfalme, nani aingie nyuma ya nani, nani asimame na nani apige magoti. Mawaziri walimwogopa kuliko walivyoogopa kuhara. Alimpokea Thomais kwenye kibaraza chake, akatazama ule mzigo, akaugusa kwa vidole viwili.

"Orodha yangu huandikwa kwa wino, mama, si kwa hariri."

"Hariri hii ni ya altare ya kanisa lako, bwana Kosmas. Mimi neno orodha sijalitamka."

"Vizuri. Basi nami sijalisikia." Akalifunua pindo, akalitazama kwenye mwanga. "Unataka Bardas aitwe kwanza."

"Bardas alipata upanga miaka minne kabla ya Niketas. Ni haki yake."

"Sijakuuliza habari za haki. Nakuuliza kama ndilo unalolitaka. Wa kwanza huonekana sana, mama. Na anayeonekana ndiye anayebebeshwa mizigo."

"Mume wangu ana mabega."

"Mabega anayo," Kosmas akasema taratibu. "Na kifua je?"

Thomais akadhani anapandishiwa dau. "Pindo la chini lina nyuzi za dhahabu," akasema. "Litazame."

Kosmas akamtazama yeye badala ya pindo, kitambo kirefu, kama mtu anayetaka kusema jambo na cheo chake hakimruhusu. Kisha akashusha pumzi, akaikunja ile hariri vizuri, akaiweka chini ya kiti.

Thomais alirudi nyumbani anatembea kama msichana. Alinunua samaki wabichi, akamtania muuza siki, akapita chini ya dirisha la Anthousa akiimba. Jumamosi alikuwa chumbani amesimama juu ya kigoda, Glykeria anampima urefu wa nguo mpya ya Pentekoste, Anthousa alipoingia. Aliingia kwa mlango wa jikoni, kama alivyoingia siku zote.

"Glykeria, tupishe kidogo, mama," Anthousa akasema. Yule mzee alipotoka, akafunga mlango. "Thomais, nimesikia ulikwenda kwa Kosmas."

"Nani kasema?"

"Glykeria kamwambia mpishi wangu. Usimgombeze. Dada, sikuja kuteta na wewe. Nimekuja kukuomba. Rudi kwa Kosmas leo hii, mwambie orodha airudishe ilivyokuwa."

Thomais alibaki juu ya kigoda chake. Kutoka pale juu aliuona utosi wa Anthousa. "Ehe?"

"Kamanda wa Khersoni amekufa tangu majira ya baridi. Wameificha habari, lakini ndugu yake Niketas yuko bandarini, amewasikia mabaharia. Mfalme anataka mtu mpya wa kupeleka, na wajomba wa Niketas walioko ikulu wamesikia atamtuma yule wa kwanza atakayevishwa kidani Jumatatu. Ndiyo sababu hamamuni nilisema sijui. Sisi tulishajua. Nilishaanza kukunja vitu vyangu."

Khersoni! Ng'ambo ya bahari ya kaskazini, mwisho wa himaya, mahali ambapo watu hula samaki wa chumvi asubuhi na jioni na baridi huvunja mitungi. Watu wa Mji hupelekwa huko wakimuudhi Mfalme.

"Niketas ana mapafu ya fahali," Anthousa akaendelea. "Atakaa miaka mitatu, atarudi mnene. Lakini Bardas, Thomais? Kwa kifua kile? Majira mawili ya baridi hamalizi. Tuachie sisi twende."

"Mnataka kwenda Khersoni kwa ajili yetu," Thomais akasema. "Kwa huruma zenu."

"Si huruma. Baba yako alinilisha."

Angesema lolote lingine, labda neno lingepata pa kuingia. Thomais akateremka kigodani. Uso ulikuwa unamwaka.

"Wewe, umeanza lini kuwa mjanja hivi? Wiki nzima unajua nafasi yako imekwenda, sasa unanitungia kamanda aliyekufa! Jumatatu nimrudishe Bardas nyuma, Jumapili unitangulie kwa Malkia huku unachekea ndani ya shela. Eti Khersoni!"

"Naapa kwa Mama wa Mungu."

"Usimtaje. Anthousa, umevaa viatu vyangu vya kutosha. Hiki huvai."

Anthousa akabadilika rangi. "Haya, dada," akasema. "Nimesema. Mungu ni shahidi." Akatoka kwa mlango wa mbele, kama mgeni.

Sasa mimi nauliza, na wewe mwenye akili niulizie: Thomais alishindwa nini kumtuma Glykeria bandarini? Ni mwendo wa kuchemsha yai. Alishindwa nini kumuuliza Bardas usiku wakila? Hakushindwa. Hakutaka. Kama ni uongo, Anthousa ni nyoka, na yeye Thomais amemshinda nyoka. Lakini kama ni kweli, basi itambidi ashuke mwenyewe kwa miguu yake mpaka nafasi ya pili, tena amshukuru Anthousa kwa hilo. Kwa hiyo akaamua ni uongo, akamwita Glykeria amalizie upindo.

Jumatatu, jua likiwa kichwani, alimsikia Bardas kwenye ngazi. Anakimbia! Mtu ambaye ngazi zile alizipanda kwa vituo vitatu. Aliingia anakohoa na kucheka kwa pamoja, kidani kinang'aa juu ya kifua chake, kizito, kimejaa vito.

"Mimi kwanza!" akasema alipopata pumzi. "Kosmas alipaza sauti: Bardas! Nikatembea peke yangu ukumbi mzima, watu wote wananitazama, mpaka miguuni mwa Mfalme. Kwa mkono wake, Thomais. Akanivisha kwa mkono wake."

Thomais akakigusa kile kidani. Furaha ilimpanda mpaka masikioni, akahisi yanavuma. "Na Niketas alikuwa wapi?"

"Nyuma yangu."

"Nyuma kiasi gani?"

"Nyuma, Thomais! Nilikuwa nampigia Mfalme magoti, ningegeuka kupima?" Akaketi, akajifuta jasho. "Na liko jambo jingine. Baada ya mkono, Mfalme akatoa neno. Nimepewa Khersoni."

Thomais akakaa juu ya kigoda.

"Kamanda wao alikufa. Chombo kimeshapakiwa nafaka, kinatungoja. Tunaondoka Jumamosi."

"Jumamosi ipi?"

"Hii."

"Pentekoste ni Jumapili!"

Bardas akamtazama kama mtu aliyeamshwa. "Mimi nakwambia Khersoni, wewe unaniambia Pentekoste?"

Thomais alikimbia kwa Kosmas bila hata kubadili viatu vya ndani. Aliomba siku moja. Moja tu, Jumamosi iwe Jumatatu, apite mlango ule mara moja katika maisha yake kama mke wa mwenye kidani, tena akiwa mbele, kisha wampeleke hata kuzimu. Kosmas alimsikiliza mpaka mwisho.

"Neno la Mfalme halingoji msafara wa wanawake, mama."

"Basi kirudishwe kidani! Mpeni Niketas cha kwanza, Bardas apewe cha pili!"

"Kidani hakivuliwi," Kosmas akasema. "Hilo ulilijua vizuri kuliko mimi. Nilikuuliza kuhusu kifua."

"Hukuniambia!"

"Siri ya Mfalme si yangu kuitoa. Lakini nilikuuliza." Akasimama, maana yake maongezi yamekwisha. Hariri yake, akamwambia, imekaa vizuri sana juu ya altare, waumini wameisifu.

Ijumaa Anthousa alikuja kusaidia kufunga mizigo. Hakuitwa. Alikuja na ngozi nne za kondoo, soksi za sufu alizozifuma mwenyewe, na mtungi wa asali yenye majani ya dawa kwa ajili ya kifua cha Bardas. Akakunja mikono ya nguo, akapiga magoti mbele ya sanduku. Thomais alisimama juu yake anangoja. Alijua litakuja. Yeye angekuwa mahali pake angelisema tangu mlangoni, tena mara tatu, tena kwa wimbo.

Lakini Anthousa alikunja tu.

"Sema basi!" Thomais akapasuka mwishowe. "Sema kwamba ulinionya! Unangoja nini? Niondoke ndipo uwasimulie hamamuni?"

"Soksi hizi naziweka juu," Anthousa akasema. "Utazihitaji mapema."

"Anthousa!"

"Nimesikia." Akageuka, na macho yalikuwa yamejaa machozi. "Niseme nini, dada? Ungenipiga kofi ningefurahi. Lakini kunidhania mwongo, mimi niliyelala miguuni pako miaka tisa?" Akajifuta kwa kiwiko, akarudi sandukuni. "Nipe lile shuka jingine."

Thomais akampa. Angalau hapo mtu angetegemea moyo wake ulainike, na kidogo ulilainika, sitaki kumsingizia. Lakini kilichomchoma zaidi ya vyote, nakwambia kama kilivyokuwa, ni kwamba alimtazama yule mwanamke mnene aliyepiga magoti, akaona: hata kwa wema amenitangulia. Na nafasi hiyo hapakuwa na towashi wa kumhonga.

Jumamosi waliondoka. Jumapili asubuhi chombo kilikuwa bado ndani ya mlango wa bahari, upepo mdogo, vilima viko karibu pande zote mbili, na kengele za Pentekoste zikisikika kutoka makanisa ya ufukweni, moja inaanza nyingine inadakia. Thomais alikaa juu ya magunia ya ngano, amejifunika ngozi ya kondoo. Alikuwa anahesabu. Sasa wanapanga mstari. Sasa Kosmas anafungua mlango. Sasa wamekwisha kuingia wake wa mapatrisi, wakubwa wa juu kabisa. Sasa wanaitwa maprotospatharissa wapya, wake wa waliovishwa vidani Jumatatu, na aliyeko Mjini ni Anthousa peke yake, na mbele yake hakuna Thomais. Alilia bila kujificha, na hakulia kwa ajili ya nyumba wala kwa ajili ya baridi inayokuja.

Bardas akaja kukaa karibu naye. Kidani alikuwa nacho shingoni. Hakukivua tangu Jumatatu, hata kulala alilala nacho.

"Najua unautaka Mji," akasema. "Najua kule ni kubaya. Mwenyewe sikupenda, niliposikia lile neno." Akakohoa, akangoja kipite. "Lakini nikuambie kitu? Kilichonifurahisha si hiki cha shingoni. Ni kuitwa. Niketas ana ndugu bandarini, ana wajomba ikulu. Mimi sina mtu, Thomais. Miaka ishirini na miwili nimesimama kwenye milango ile kama nguzo, wakubwa wanapita, hakuna hata mmoja aliyenijua jina. Nilishajiambia nitakufa hivyo hivyo. Sasa niko pale nyuma, nangoja lisomwe jina la Niketas, nasikia Bardas."

Akacheka peke yake, polepole.

"Sikuomba. Sikumpa mtu zawadi. Kumbe yuko mtu huko juu alikuwa ananiona muda wote. Basi hata nikifia Khersoni, sitalalamika."

Neno lilimpanda Thomais mpaka kwenye meno. Ni mimi! Ni mimi niliyekuita, ni shuka la mama yangu! Alitaka Bardas alijue, alitaka angalau mtu mmoja katika dunia hii ajue ni nani aliyemweka mbele, na asimpe Mfalme sifa ambayo ni yake. Akafumbua mdomo. Kikohozi kikamkamata Bardas tena, safari hii kwa nguvu, kikamkunja, na kidani kikawa kinampiga kidevuni. Thomais akakishika kwa mikono miwili kisimuumize, akakaa amekishika mpaka mumewe akapata pumzi.

"Walikuona, Baba Kale," akasema. "Muda wote walikuona."

Bardas akaitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa, akakohoa tena.